Arabhi Haimbwi kwa Machozi

Ipo asubuhi moja ya usichana wangu, mwanangu, ambayo hadi leo naisikia zaidi ya ninavyoiona. Tulikuwa kundi zima la wasichana kwenye matuta ya shamba, kule milimani Taita, majembe mkononi, umande unatulowesha miguu. Tulilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na shangazi yangu Mghoi ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kila kazi ilikuwa na wimbo wake. Wa kulima ulikuwa mfupi na mkavu, unakatika pale jembe linapogonga udongo. Wa kumsindikiza bibi harusi ulikuwa mrefu, unavutwa kama uzi unaochomolewa kwenye shuka.

Sasa jana yake tulikuwa tumemsindikiza mwenzetu kwa mumewe, na mioyo yetu ilikuwa bado huko. Tukaanza wimbo wa kulima, lakini sauti zikawa zinavutika zenyewe. Maneno ni yale yale, ila tukaulaza wimbo chini. Majembe nayo yakalala. Kuna mmoja akaanza kufuta macho kwa upindo wa leso. Shangazi akanyooka, akashika kiuno.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

Tukatazama majembe yetu.

"Nauliza, nani amekufa? Maana huyu mliyemleta mimi simjui. Wimbo wa jembe namjua, ni mtu wa kazi, anatazama mbele. Huyu wenu amekaa chini anapenga kamasi. Mrudisheni alikotoka, mniletee mwenyewe."

Tukacheka, tukaona haya, tukaanza upya. Kabla jua halijawa kali shamba lilikuwa limekwisha. Shangazi hakueleza zaidi, hakuwa mtu wa kueleza. Nami niliyaacha maneno yale yakae yalipokaa, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka. Sikuyahitaji mpaka nilipoletwa huku Minnesota kumsaidia binti yangu Saru kulea. Hapo niliyahitaji kweli kweli, na sasa nakwambia kwa nini.

Saru ni nesi. Tunaishi Hopkins, kwenye nyumba za ghorofa za zamani, zile ambazo jirani akikaanga kitunguu wewe ndiye unayepiga chafya. Juu yetu anaishi Mama Vasantha, mjane wa Kihindi kutoka kusini kabisa mwa nchi yao, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni, mgongo umenyooka kama mwiko. Anafundisha kuimba. Muziki wao wa kusini unaitwa Karnatiki. Mjukuu wangu Wakesho aliusikia kupitia dari akiwa mdogo. Akapanda ngazi, akagonga mlango, akaomba afundishwe. Sasa ni msichana wa sekondari, na kila Jumamosi bado anapanda ngazi zile.

Usiniulize kama anajua. Anajua! Wakesho akifungua mdomo, hata friji inaona aibu kunguruma.

Wenzangu wa kanisani, kule Crystal, walinong'ona. Wakaniuliza mbona namruhusu mtoto aimbe nyimbo za dini ya watu. Niliwaambia njooni kwanza msikilize, ndipo mnong'one. Maana kile alichokuwa akifundishwa mwaka huo hakikuwa na neno hata moja. Katika muziki wao kuna mahali ambapo mwimbaji anaiimba raga yenyewe, tupu, kwa aaa na ta-da-ri, hakuna ngoma wala maneno ya kujificha nyuma yake.

Raga, jinsi nilivyoielewa mimi niliyeishia darasa la tatu, ni kama mtu. Ana sauti anazokanyaga, kama zile do-re-mi za kwaya. Wao husema sa, ri, ga, ma, pa, dha, ni. Lakini hizo ni mifupa. Mifupa ya watu wawili yaweza kulingana, na bado mmoja ukimwona anakuja unafunga mlango, mwingine unabandika chai. Kinachomfanya raga awe yeye mwenyewe ni mwendo wake na hali ya moyo wake: wapi anatua, wapi anapita upesi, sauti gani anaitikisa na gani anaiacha imetulia. Ukikosea mwendo umeimba mtu mwingine, hata kama mifupa yote ipo.

Mwalimu alimpa Wakesho raga anayeitwa Arabhi, amwimbe peke yake jukwaani kwenye tamasha lao la majira ya kuchipua. Arabhi ni mtu wa kifua mbele. Ameamka, amenawa uso, anajua anakokwenda. Sauti mbili, ga na ni, anazigusa tu akipita wakati wa kushuka, hana muda wa kukaa nazo. Ila ana ndugu, anaitwa Devagandhari. Wanapanda kwa sauti zile zile na kushuka kwa zile zile. Lakini Devagandhari akifika kwenye ga na ni anakaa, anazivuta, anazibembeleza, kama mtu anayemwomba Mungu amrudishie kitu. Ni mzuri, sikatai. Lakini hakuwa yeye aliyealikwa.

Na mjukuu wangu kila akianza Arabhi, katikati ya njia anageuka Devagandhari, ambaye hata hajafundishwa.

Kosa hilo, mwanangu, ni letu sisi. Mtoto wa Kihindi hangelifanya vile. Unajua desturi yetu huku: mtu wetu akifariki tunakutana jioni kwa jioni nyumbani kwa wafiwa, chai, maombi, nyimbo, mipango ya kusafirisha mwili. Mkwe wangu Mwakio, baba yake Wakesho, alikuwa dereva wa basi la shule, na katika majira ya baridi moyo wake ukasimama tu. Kwenye matanga yake binti huyu alisimama akaimba, na watu wazima wakakaa chini sakafuni. Toka siku hiyo akawa anaitwa kila penye msiba. "Mleteni yule mtoto anayeliza watu." Akajua kuuvuta wimbo mahali panapouma. Watu wakamsifu kwa machozi, na mimi nikiwa mbele yao, nikitembea kanisani kama mimi ndiye niliyetengeneza koo lile.

Basi Jumamosi moja, mwezi wa tatu, mwalimu akaniita juu. Kiingereza changu ni cha kununua maziwa tu, kwa hiyo Wakesho ndiye aliyetafsiri, na alitafsiri hukumu yake mwenyewe. Akaimba kwanza, amekaa mkekani, kisanduku kinavuma sauti moja pembeni. Alipomaliza, Mama Vasantha alisema maneno mengi, uso mkavu.

"Anasema nimejitahidi," Wakesho akaniambia.

"Uso ule hausemi umejitahidi. Sema vizuri."

"Anasema... ameomba Arabhi, nimemletea ndugu yake. Anasema ndugu yake amelia vizuri sana, lakini jukwaa ni la Arabhi. Anasema Jumamosi ijayo nikimleta tena huyu, sitaimba peke yangu. Nitakaa na watoto wadogo, niimbe nao mazoezi ya mwanzo."

Moyo wangu ulipasuka kidogo, nisikudanganye. Nilitaka kumjibu yule mama, wewe unamjua mtoto huyu mimi ninavyomjua? Lakini maneno yake nilikuwa nimeshayasikia, mwanangu. Niliyasikia shambani nikiwa na jembe mkononi. Nikasema asante, nikashuka ngazi nikishika ukuta.

Chini Wakesho akarusha begi lake. Akaniambia kwa Kiingereza, nami nakuwekea kwa lugha yetu: "Naacha. Kanisani kila mtu anapenda. Huyu peke yake ndiye hapendi."

"Huachi."

"Bibi, si wewe unayeimba."

"Huachi, nimesema. Vaa koti. Unga umeisha."

Tukatoka kwenda dukani. Ulikuwa ule wakati theluji inayeyuka mchana na kuganda tena, njia imekuwa viraka, hapa barafu inang'aa, hapa mchanga na chumvi. Amenishika mkono nisianguke. Nikaona miguu yake. Penye mchanga anakanyaga kwa kisigino, penye barafu anapitisha mguu kama hataki kuiamsha.

"Hivi ndivyo mwalimu anavyotaka," nikamwambia. "Pale kwenye ga na ni ni barafu. Gusa, pita. Tua penye mchanga."

"Najua, Bibi." Hakunitazama. "Ameniambia mara elfu. Kichwa kinajua. Nikifika kwenye ni, ile ya juu, namwona Baba. Nikipita upesi ni kama nimempita njiani bila salamu."

Haya sasa. Wewe, mwanangu, ungemjibu nini? Tukavuka barabara kwanza. Ningeweza kumwambia pole, nikamkumbatia, tukalia wote wawili mbele ya duka la watu. Pole nilikuwa nimeshampa nyingi, na kila pole ilikuwa inamwongezea kamba ya kuvuta.

"Baba yako alikuwa anafanya kazi gani?" nikamwuliza.

"Bibi, unajua."

"Sema."

"Dereva wa basi la shule."

"Theluji ikianguka, alikuwa anabaki kitandani?"

"Hapana."

"Alikuwa anasimama mahali pasipo kituo, anatazama dirishani, anafikiria mambo yake, watoto wanachelewa?"

Akacheka puani, bila kutaka. "Baba? Alikuwa anaondoka hata mtoto akiwa anakimbia nyuma na kiatu mkononi. Mimi mwenyewe aliniacha."

"Basi! Huyo ndiye baba yako. Alikuwa mtu wa kwenda. Wewe unamwimba alivyolala kwenye jeneza, siku moja ile, unamwacha alivyoishi siku zingine zote. Ukitaka kumwimba Mwakio, mwimbe akiwa nyuma ya usukani."

Akasimama pale pale, mlango wa duka unajifungua na kujifunga wenyewe mbele yake, watu wanatupita na matoroli yao. Alibeba unga wote peke yake kurudi.

Nyumbani tukamkuta Saru ametoka kazini, amekaa jikoni na viatu bado miguuni, koti halijavuliwa.

"Wakesho, mama," akasema, "niimbie ile ya Baba."

Hiyo ilikuwa dawa yake. Akirudi amechoka anaomba wimbo, analia, anaingia kulala. Mtoto akanitazama.

"Leo haimbi hiyo," nikasema.

"Mama, tafadhali. Nimefanya shifti mbili. Sina nguvu za ku-argue na wewe."

"Usi-argue. Hiyo haimbi."

"Kwa nini unaingilia? Ndiyo inanilaza! Wewe unalala, mimi silali!"

"Mtoto si kidonge, Saru."

Nilisema maneno hayo, na sikuyarudisha. Saru akaweka mikono usoni. Bomba la maji ya moto likawa linagonga ukutani. Nikadhani nimevunja nyumba ya binti yangu. Kisha akatoa mikono, macho mekundu, akamwambia mwanawe, "Ile nyingine, basi. Ile unayojifunza. Mimi nitalia mwenyewe nikitaka."

Wakesho hakukaa mkekani. Aliimba amesimama kando ya jiko, kofia bado kichwani. Akapanda Arabhi. Mara ya kwanza, alipoanza kushuka, pale juu kwenye ni, sauti ikaanza kulegea. Nikaiona inainama kama mtu anayetafuta pa kukaa. Akakata. Akashusha pumzi, akarudi chini, akapanda tena, na safari hii akishuka akaigusa ni, akapita, akatua kwenye pa kwa miguu yote miwili. Hakuna aliyelia. Saru alivua viatu, akainuka, akabandika sufuria ya ugali, akawa anasonga mwiko mtoto bado anaimba. Sikuwa nimemwona binti yangu akipika baada ya kazi tangu tuzike.

Jumamosi ikafika, tukapanda juu. Mama Vasantha alisikiliza amefumba macho, kidole kimoja tu kikitembea gotini. Alipofumbua akasema maneno machache.

"Anasema huyu anamjua," Wakesho akatafsiri, na safari hii hakuongeza wala kupunguza.

Nikamwambia amwulize: na yule ndugu, yule wa kulia, hana nafasi kabisa? Yule mama akanigeukia mimi, akanijibu mimi, pole pole, kama tunaongea lugha moja. Akasema Devagandhari atakuja, tena mtoto huyu atamwimba kuliko wengi. Lakini kwao mwanafunzi hapewi ndugu hao wawili kwa pamoja, maana watamchanganyikia kooni na hatawajua tena hata mmoja. Kwanza huyu asimame imara. Halafu atakapokuja wa kulia atakuta nyumba ina mwenyewe. Nikampenda mama yule siku hiyo. Nilimpelekea chapati.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa sari za kila rangi, na katikati safu moja ya vitenge, ndio sisi. Wale wale walionong'ona walikuja, nami niliwakalisha mbele makusudi. Wakesho akapanda jukwaani kwa sari ya kijani aliyoazimwa na mwalimu, akakaa, mtu wa fidla pembeni yake. Akafumba macho. Nilimwogopea, mwanangu.

Alianza chini, bila haraka. Ri, akakaa. Ma, akakaa. Akajenga ngazi yake, akashuka, akapanda tena juu kidogo zaidi. Mama mmoja wa kanisani, aliyekuwa ameshatayarisha kitambaa cha machozi, akaniinamia.

"Mama Saru, mbona leo hatulii?"

"Leo tunakaa wima," nikamwambia. "Nyoosha mgongo usikilize."

Na kweli akanyoosha. Nikatazama safu yetu yote, mgongo kwa mgongo inanyooka, na hao wengine hakuna aliyewaambia. Kisha sauti ya mtoto ikapanda kule juu kabisa, ikaanza kushuka, ikafika kwenye ni, na mimi nikashika kiti cha mbele yangu. Saru alinishika mimi. Akaigusa. Akapita. Akatua kwenye pa, akakaa hapo mpaka ukumbi mzima ukawa unapumua naye. Wazee wao wa mbele wakatikisa vichwa, mmoja akasema "shabash!" kwa sauti, neno ambalo kwetu hata watoto wanalijua, na safu ya vitenge ikalipokea kwa vigelegele. Mama Vasantha alitugeukia. Nilidhani atatukemea. Alikuwa anacheka.

Aliposhuka, Wakesho alikuja moja kwa moja kwangu, jasho kwenye paji la uso.

"Bibi, nina njaa."

Toka kifo cha baba yake, mtoto huyu akishaimba alikuwa hali kitu, analala na nguo zake. Siku hiyo alikula sahani ya wali wa maziwa mgando, akala yangu, akaenda kupanga foleni tena.

Sasa nisikilize, mwanangu, unayesoma haya Hopkins, Phillips, au popote ulipo. Kila kitu utakachopewa mkononi kina tabia yake: wimbo, kazi, ndoa, hata msiba wenyewe. Kijue kwanza. Kiulize kinatembeaje, kinatua wapi, kinapita wapi upesi. Usikimwagie moyo wako kabla hujakijua, hata kama moyo wako ni mzuri na watu wanakupigia makofi. Watu watakusifu kwa kile kinachowafaa wao. Watakuita uwalize, uende uwalize, na siku moja utakuta huna sauti nyingine. Huzuni ipe saa yake, nzima, usiibanie. Lakini saa hiyo ikipita, inuka. Na ukikutana na mwalimu mkali anayekwambia "huyu siye niliyemwomba", usitupe begi. Rudi chini, vuta pumzi, panda tena. Anayekurudisha mwanzo ameona kwamba unaweza kufika.

Mungu akupe mgongo wa kukaa wima na koo la kusema unachokusudia. Akupe mlango wa kugonga, na nyuma yake mtu asiyekudanganya. Ukipita penye utelezi akushike mkono, na ukifika penye udongo mgumu usimame, wakuone. Baraka zangu zote ziko juu yako, mwanangu, sijabakiza hata moja. Haya, nenda.